Taa ya Cheki Injini Inapopepesa: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo kwenye Gari la Zamani

Taa ya cheki injini ikiwaka na kutulia kwenye dashibodi, una nafasi ya kupanga siku ya kumwona fundi. Ikianza kupepesa, yaani kuwaka na kuzima mfululizo, nafasi hiyo huna. Kompyuta ya gari inakuambia jambo moja mahususi: injini inamisi, yaani silinda inashindwa kuunguza mafuta yake, kwa kiwango kinachoharibu masega sasa hivi, wakati bado umekanyaga mafuta.

Masega ni ile katalitiki konvata iliyo kwenye bomba la eksozi. Silinda ikimisi, petroli ambayo haikuungua hutoka pamoja na oksijeni yake, na vyote viwili huenda kuungulia ndani ya masega. Kwa kawaida masega hufanya kazi kwenye joto la takriban nyuzi 400 hadi 800 za Selsiasi. Yakiletewa petroli mbichi, joto linaweza kupita 1,000, na kauri yake inaanza kupasuka, kisha kuyeyuka. Yakiziba, injini inashindwa kutoa moshi na gari linakosa nguvu kabisa. Hapo tatizo lililoanza na plagi moja limeshakuwa la plagi na masega.

Kazi yote iliyo hapa chini inazunguka swali moja: ni silinda gani inamisi, na imekosa nini kati ya cheche, mafuta na mgandamizo? Kwenye gari la zamani swali hili lina uzito zaidi, kwa sababu vipuri vingi vimechoka kwa pamoja. Ukibadilisha koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, utaona kweli ilikuwa imechakaa. Ukibadilisha sensa utaona kweli ilikuwa chafu. Na taa bado inapepesa. Kipuri kuchoka si ushahidi kwamba ndicho kilicholeta tatizo, kwa hiyo pima kwanza, nunua baadaye.

Mwongozo huu ni wa injini za petroli. Dizeli haitumii plagi za cheche, na upimaji wake una njia nyingine.

Ukiwa bado barabarani

Punguza mafuta taratibu. Usikanyage kwa nguvu ukidhani utaisafisha injini, kwani kadiri injini inavyofanya kazi kubwa ndivyo petroli mbichi inavyozidi kwenda kwenye masega. Zima kiyoyozi, kaa pembeni penye usalama, na usiegeshe juu ya majani makavu. Masega yaliyopata joto kupita kiasi yanaweza kuyawasha moto.

Tazama geji ya joto na taa ya oili. Moja kati ya hizo ikilalamika, zima injini hapohapo. Zikiwa sawa, sikiliza kidogo gari likiwa sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kama taa imeacha kupepesa na kubaki imewaka tu, kumisi kumepungua, na unaweza kujikokota polepole hadi mahali pa karibu pa kufanyia kazi. Kama bado inapepesa na gari linatikisika, zima na ulivute. Najua hakuna anayependa kuvutwa, lakini mwendo mfupi na taa inayopepesa unatosha kuyamaliza masega yaliyokuwa mazima.

Jua gari lako ni la kizazi kipi

Magari ya soko la Marekani yalilazimika kuwa na OBD-II, mfumo wa kompyuta wa gari kujichunguza hitilafu, kuanzia modeli za 1996. Kwa Ulaya, magari ya petroli yalifuata mwaka 2001. Gari la namna hiyo lina soketi yenye pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva, na mashine ndogo ya kusomea kodi (namba za hitilafu), hata ile ya bluetooth inayotumia simu, inatosha kuanzia kazi.

Magari ya kabla ya hapo yana namna tofauti, na hapa watu wengi hukosea. Kwenye mengi ya magari hayo, kupepesa ni njia ya kompyuta kutaja kodi, na hutokea pale tu fundi anapounganisha pini fulani. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 unaunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi kilicho ndani ya boneti, unawasha swichi bila kupiga stata, kisha unahesabu: mpepeso mmoja, kituo kifupi, halafu mipepeso miwili, hiyo ni kodi 12. Ikipepesa haraka kwa mpangilio ulio sawa bila kusita, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Kwa hiyo kama gari lako ni la kizazi hicho, taa inapepesa na injini inaunguruma vizuri, angalia kwanza kama kuna mtu aliyesahau waya kwenye kiboksi hicho.

Kuna pia magari ya soko la Japani ya miaka ya 1990 yenye soketi ya pini 16 ambayo hayazungumzi OBD-II. Mashine ikikataa kuunganika, usikimbilie kusema kompyuta imekufa. Angalia fyuzi inayolisha soketi, halafu tafuta mashine inayojua mfumo wa kampuni iliyotengeneza gari. Vipimo vingi vya kuanzia kwenye plagi kuendelea havihitaji mashine yoyote, hivyo gari lisilo na OBD-II halikuzuii kufika mwisho.

Soma kodi, ziandike, usizifute

Kufuta kodi mwanzoni ni kutupa ushahidi. Pamoja na kodi, kompyuta huhifadhi hali ya injini ilivyokuwa wakati hitilafu inaingia: mizunguko kwa dakika, joto la maji, mzigo na mwendo wa gari. Ukifuta, vyote vinaondoka. Piga picha ya kila ukurasa.

P0300 maana yake silinda zinamisi bila mpangilio. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo. Kwenye injini nyingi za mstari mmoja, silinda ya kwanza iko upande wa mkanda au cheni ya taimingi. Kwa injini za V hesabu hutofautiana, kwa hiyo thibitisha kwenye kitabu cha gari kabla ya kufungua chochote.

Kisha tazama silinda zinazomisi zimekaaje. Silinda moja peke yake inaelekeza kwenye plagi, koili, nozeli (inayopulizia mafuta) au valvu ya silinda hiyo. Silinda zote za upande mmoja wa injini ya V zinaelekeza kwenye kitu ambacho upande huo unashiriki, kama taimingi yake au masega yake yaliyoziba. Zikimisi zote bila mpangilio, fikiria mafuta machafu, presha ndogo ya mafuta au hewa inayovuja. Gari likianza kumisi mara tu baada ya kujazwa mafuta, yashuku mafuta kabla ya kushuku kipuri.

Jozi ya silinda inahitaji umakini. Injini za silinda 4 zenye koili moja kwa silinda mbili huunganisha 1 na 4, na 2 na 3. Kwa hiyo 1 na 4 zikimisi pamoja, koili ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zikiwa 2 na 3, inaweza kuwa koili, lakini pia silinda hizo ni majirani, na gasketi ya silinda hedi iliyoungua katikati yao hutoa dalili hiyohiyo. Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo, ndicho kitakachoamua.

Usidanganywe na kodi zinazokuja pamoja. Silinda ikikosa cheche, oksijeni yake haikutumika, inapita mpaka kwenye sensa ya oksijeni, na sensa inaripoti kwamba mafuta ni machache. Kompyuta inaongeza mafuta na inaweza kuandika P0171, kodi ya mafuta machache. Sensa haina kosa, imesema ilichokiona. Watu wamenunua sensa za oksijeni kwa sababu ya koili.

Inamisi wakati gani?

Kabla ya kushika spana, jibu swali hili kwa kuangalia ile kumbukumbu ya kompyuta na kwa kukumbuka gari lilivyokuwa.

Ikimisi sailensi tu na kutulia ukiongeza mafuta, tafuta hewa inayovuja, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama wazi, au valvu ya silinda iliyoungua. Ikimisi ukipanda mlima au ukiongeza mwendo, tafuta plagi, waya za plagi, koili au presha ya mafuta. Ikiwa nzima asubuhi halafu ianze kumisi injini ikipata moto, koili ina kesi ya kujibu. Ikimisi asubuhi tu, kisha itulie baada ya dakika moja na moshi mweupe kidogo, pima maji ya rejeta yanavyopungua, kwa maana gasketi ya silinda hedi inaweza kuwa inavujisha maji ndani ya silinda gari linapolala.

Cheche: anza hapa

Injini iwe imepoa. Ondoa waya wa hasi wa betri, ng'oa koili au waya wa plagi kwa kushika shina lake, wala usivute waya wenyewe. Kabla ya kufungua plagi, mulika tochi ndani ya kisima chake. Ukikuta oili imesimama humo, gasketi ya kifuniko cha valvu au mipira ya visima inavuja, na oili hiyo huharibu mpira wa koili hadi cheche ipate njia ya mkato. Ifyonze kwanza kwa kitambaa, usije ukaimwagia kwenye silinda.

Panga plagi zote juu ya meza kwa mpangilio wa silinda zake. Hapo zitaanza kusimulia. Plagi nzima ina rangi ya kahawia hafifu au kijivu. Nyeusi yenye masizi makavu imepata mafuta mengi au cheche dhaifu. Iliyolowa oili nzito inazungumzia ringi za pistoni au sili za valvu. Iliyo nyeupe kama imeokwa imepata joto kupita kiasi, mara nyingi kwa mafuta kuwa machache. Ile ninayoitazama kwa wasiwasi zaidi ni plagi moja iliyo safi mno kuliko wenzake, imeng'aa kama imeoshwa. Mara nyingi imeoshwa kweli, kwa mvuke wa maji ya rejeta.

Sasa izungushe kila plagi taratibu kwenye mwanga na utazame ile kauri nyeupe ya nje. Ukiona mstari mwembamba mweusi kama nywele unaoshuka kutoka juu hadi kwenye chuma, umepata cheche inakopotelea. Imeacha kurukia ndani ya silinda, inapita nje ya kauri. Fungua mpira wa koili uliokuwa juu yake, utakuta mstari wa pili unaolingana na huo. Badilisha vyote viwili, kwani plagi mpya ndani ya mpira wenye mstari itachorwa upya muda si mrefu.

Pima mwanya wa plagi kwa filagaji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Magari mengi hutaka kati ya milimita 0.7 na 1.1, lakini kipimo cha gari lako kiko kwenye kitabu chake. Plagi iliyolika ina mwanya mpana, na mwanya mpana huilazimisha koili kutoa volti nyingi zaidi. Ndivyo plagi zilizochelewa kubadilishwa zinavyoua koili.

Kama gari lina waya za plagi na distributa, fungua kifuniko cha distributa na uangalie nyufa, unyevu na ncha zilizolika, pamoja na rota. Pima kila waya kwa multimita. Waya mrefu husoma ohm nyingi kuliko mfupi, hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni waya uliopishana sana na wenzake au usiosoma kabisa. Kipimo kingine kizuri ni cha gizani: injini ikiunguruma, nyunyiza ukungu mwembamba wa maji karibu na waya na utazame. Waya unaovuja utaonyesha cheche za buluu zikirukia kwenye chuma. Usiguse chochote wakati huo, umeme wa pale ni wa makumi ya maelfu ya volti, na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo akae mbali kabisa.

Kipimo cha kuhamisha

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji kununua kitu. Tuseme kodi ni P0302 na gari lina koili moja kwa kila silinda. Hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 4, na plagi ya silinda ya 2 uipeleke ya 3. Zilizotoka huko zilete silinda ya 2, na nozeli iache ilipo. Sasa futa kodi, kwa sababu ushahidi umeshauhifadhi, washa gari liungurume sailensi, kisha uliongezee mafuta kidogo kwa muda mfupi.

Kodi ikirudi P0304, koili ni mbovu. Ikirudi P0303, ni plagi. Ikibaki P0302, koili na plagi zimeachiwa huru, na unabaki na nozeli, waya zake, hewa inayovuja karibu na silinda hiyo, au kompresheni. Jaribio moja limewachambua washukiwa watatu. Pale tu taa inapoanza kupepesa, zima. Jibu umeshapata.

Kwa gari lisilo na mashine ya kusoma kodi, tafuta silinda iliyolala kwa kuchomoa soketi ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensi. Silinda nzima ikichomolewa, mlio unabadilika na injini inayumba. Silinda iliyolala ikichomolewa, hakuna kinachobadilika. Chomoa nozeli badala ya koili, kwa sababu ukikata cheche peke yake unaendelea kumwaga petroli kwenye masega.

Nozeli na mafuta

Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli na sikio kwenye mpini. Kila nozeli inatakiwa kugonga tik-tik-tik kwa mwendo ulio sawa. Iliyo kimya haina umeme au imekwama. Zima injini, chomoa soketi, pima ohm za nozeli: nyingi za petroli zinazopulizia kwenye manifoldi husoma kati ya 11 na 18, na cha maana ni zote zilingane. Ikiwa nozeli inasoma sawa na haigongi, fuata waya mpaka uone ulipokatika. Kwenye magari ya umri huu waya hukauka na kuvunjika ndani ya plastiki karibu na soketi, bila dalili nje.

Nozeli inayogonga inaweza bado kuwa imeziba. Ihamishe kwenda silinda nyingine ukitumia ringi mpya za mpira, na utazame kama kodi inaifuata. Presha ya mafuta ipimwe kwa geji, na kabla ya kufungua paipu yoyote ishushe presha kama kitabu kinavyoelekeza. Petroli inayochuruzika juu ya injini yenye moto si ya kuchezea.

Hewa inayovuja

Mipira ya vakyumu ya gari la zamani hugeuka migumu na kupasuka, hasa kwenye kona ambazo jicho halifiki. Pinda kila mpira kwa vidole, ufa utajifungua. Usisahau mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue) na bomba kubwa la hewa kati ya boksi la filta na throtoli, ambalo hupasuka kwenye mikunjo yake upande wa chini.

Mwenye OBD-II ana njia ya kuthibitisha. Tazama asilimia za marekebisho ya mafuta (fuel trim), yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Zikiwa juu, tuseme zaidi ya 10, gari likiwa sailensi, halafu zishuke ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayovuja. Zikiwa nzuri sailensi na kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, angalia pampu ya mafuta, filta yake au sensa ya kupimia hewa iliyochafuka.

Kompresheni: usiiogope

Wengi huikwepa hatua hii kwa kuogopa jibu. Kwenye gari lililotembea sana mimi hupendelea kuipima mara plagi zinapokuwa nje, kabla ya kununua chochote cha bei. Hakuna koili itakayoponya valvu iliyoungua.

Toa plagi zote. Zima mfumo wa mafuta na wa cheche kwa kuchomoa fyuzi au rilei zake. Rudisha betri, na iwe na chaji ya kutosha. Funga geji kwenye silinda ya kwanza, mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho ili throtoli iwe wazi, kisha apige stata mpaka geji ipande kama mara 5. Andika, nenda silinda inayofuata. Injini nyingi zenye afya husoma psi 140 au zaidi, ila ulinganifu una uzito kuliko namba yenyewe: silinda ya chini isipungue asilimia 75 ya ile ya juu.

Ukipata silinda iliyo chini, mimina kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda vizuri, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi. Zote zikiwa chini kwa kiasi kilekile, kagua taimingi, kwani mkanda ulioruka jino hutoa picha hiyo.

Valvu zenye mwanya mdogo kupita kiasi pia hushusha kompresheni, na kwenye injini ambazo mwanya wake hurekebishwa kwa mkono, marekebisho hayo peke yake yanaweza kuirudisha silinda kazini. Pima mwanya kabla ya kukubali kufungua silinda hedi.

Kompresheni, cheche na mafuta vyote vizima?

Hutokea mara chache. Kompyuta hutambua kumisi kwa kuangalia jinsi mwendo wa krenkshafti unavyopungua pale silinda inaposhindwa kusukuma. Puli ya krenkshafti iliyolegea, au sensa ya krenkshafti yenye waya mbovu, inaweza kuifanya ione kumisi kusikokuwepo. Injini inayopepesa taa huku inaunguruma laini bila mtikisiko wowote inakuelekeza huko.

Baada ya kutengeneza

Futa kodi, liendeshe gari kwa utulivu hadi lipate moto, kisha kwa mwendo tofautitofauti, ikiwemo ile hali iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kama ilimisi kwenye mlima, lipandishe mlima. Soma tena kodi, pamoja na zile zinazosubiri kuthibitishwa, kwa sababu hizo huonekana kabla taa haijawaka.

Badilisha oili ya injini kama silinda ilikuwa inamisi kwa muda, kwani petroli iliyoshuka kwenye oili huifanya nyepesi, na ukiichomoa dipstiki utaisikia harufu yake.

Mwisho kagua masega. Yagonge kwa ngumi yakiwa yamepoa: mlio wa vipande vinavyocheza ndani ni kauri iliyovunjika. Gari likianza vizuri lakini likikataa kuongeza mwendo, pima presha ya eksozi kwenye tundu la sensa ya oksijeni ya mbele. Sailensi inatakiwa kuwa karibu na sifuri, na ikiwa psi kadhaa, njia imeziba. P0420, kodi ya masega kufanya kazi chini ya kiwango, ikijitokeza wiki chache baadaye wakati injini haimisi tena, kagua kama kuna moshi unaovuja kwenye maungio ya eksozi na uhakikishe sensa ya oksijeni ya nyuma inafanya kazi, kabla ya kukubali kwamba masega yamekwisha.